Kipimo Kilichobaki Nchi Kavu: Historia ya Upepo na Matanga Kutoka Nyegezi

Ziwa linaloonekana ukiwa Nyegezi, kusini mwa jiji la Mwanza, ni kipande tu cha ziwa. Hapo mbele ni Ghuba ya Mwanza, mkono wa maji unaoingia bara kilomita 60 hivi, wenye vilima na miamba inayouvunja upepo kabla haujafika mialoni. Alfajiri maji hayo yanaweza kuwa yametulia tuli, na saa hiyohiyo, kilomita 70 hivi kaskazini, kati ya visiwa vya Ukerewe na Ukara, mashua ikawa inapigwa ubavuni na mawimbi ya dhoruba iliyozaliwa usiku wa manane. Aliyeko mwaloni hana namna ya kujua. Aliyeko ndani ya mashua anajua, lakini ujuzi wake unaishia palepale alipo. Haufiki ufukweni, haumfikii mwenzake aliye kilomita 20 nyuma yake, na chombo kikizama unazama nacho.

Makala haya yanafuatilia jinsi hali hiyo ilivyojengeka. Nasema ilijengeka kwa sababu haikutokana na ukubwa wa ziwa peke yake, ingawa kilomita za mraba 68,800 si haba. Ilitokana na maamuzi yaliyofuatana, kila moja na sababu zake, juu ya mahali pa kuweka vyombo vya kupima hewa. Viliwekwa bandarini kwa ajili ya meli za moshi, mashambani kwa ajili ya pamba, na viwanjani kwa ajili ya ndege. Mashua ya tanga, inayoutegemea upepo kuliko chombo kingine chochote, ilichukuliwa kuwa ya kupelekewa habari, wala haikudhaniwa kuwa inaweza kuzitoa. Hoja yangu ni kwamba uamuzi huo ndio unaoufanya utabiri wa leo, ulio bora kuliko wowote uliowahi kutolewa ziwani, uwe bado na pengo mahali palepale penye hatari. Na kwamba pengo hilo halitazibika mpaka mashua yenyewe iwe kituo cha hali ya hewa kinachosomwa kutoka mbali.

Kabla ya 1890: Mukasa, tanga la pwani na maji ya kuchemsha

Waganda waliliita ziwa hili Nalubaale, Wajaluo Lolwe, na watu wa kusini Nyanza. Katika kisiwa cha Bubembe, miongoni mwa visiwa vya Sese, palikuwa na hekalu la Mukasa, mwenye maji, ambaye wasafiri wa Buganda walimtolea sadaka kabla ya kuvuka. Upande wa Buhaya aliyetajwa ni Mugasha, mwenye ziwa na tufani. Ni rahisi kuyaweka haya kwenye fungu la imani na kuyaacha huko, lakini ukiyatazama kwa jicho la nahodha unaona pia utaratibu wa tahadhari. Kulikuwa na sababu ya kusubiri kabla ya kung'oa nanga, ya kuwauliza waliotoka visiwani, ya kutazama wingu limekaa wapi, na ya kuahirisha safari bila mtu kuonekana mwoga. Habari za hali ya hewa zilikusanywa kwa watu waliotoka majini, zikawekwa mahali pamoja, zikatolewa kwa wanaokwenda majini. Jambo hilo tutalirudia, kwa maana ndilo lililopotea baadaye.

Tarehe 3 Agosti 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alilifikia ziwa upande wa Mwanza. Alichemsha maji, akatia kipimajoto, na kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu, akakadiria kuwa ziwa liko karibu futi 3,740 juu ya usawa wa bahari. Hesabu ya leo ni mita 1,134 hivi, kwa hiyo alikosea kidogo sana. Kipimo hicho cha kwanza cha kisayansi kinachojulikana katika ufuko huu kilifanywa mtu akiwa amesimama nchi kavu, kwa ajili ya swali la nchi kavu: Nile inaanzia wapi? Speke hakuvuka ziwa.

Mitumbwi ya Sese ilikwenda kwa makasia. Tanga la pwani lilikuja na wafanyabiashara waliofuata njia ya misafara ya Unyanyembe, karibu na Tabora, na katika miaka ya 1870 mmoja wao, Songoro, alikuwa Ukerewe akijenga jahazi kwa mtindo wa baharini. Mwaka 1877 chombo hicho kiliuzwa kwa wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) ya Uingereza; Desemba ya mwaka huo ukazuka ugomvi na Mtemi Lukonge wa Ukerewe, na Songoro akauawa pamoja na wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill. Miaka miwili kabla, Machi 1875, Henry Morton Stanley aliondoka Kageye, mashariki mwa Mwanza, kwa mashua yake ya tanga na makasia, Lady Alice, akalizunguka ziwa kwa siku 57 na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja. Aliporudi majini na kundi la mitumbwi ya Ukerewe, dhoruba ya usiku iliwakuta na mitumbwi kadhaa ikazama. Stanley alipima nyuzi za latitudo na kina cha maji. Dhoruba aliisimulia, hakuipima.

Wakati huohuo baharini mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 1853 wawakilishi wa mataifa yenye meli walikutana Brussels wakakubaliana manahodha waandike upepo, joto na mgandamizo wa hewa kwa namna moja, ili madaftari yao yalinganishwe. Oktoba 1859 tufani iliizamisha meli Royal Charter pwani ya Wales, na Admirali Robert FitzRoy akapata nguvu ya kudai waya za telegrafu zitumike kukusanya habari za hewa kutoka bandari mbalimbali; Februari 1861 tahadhari za dhoruba zikaanza kutolewa kwa meli za Uingereza. Meli ya matanga ilikuwa, kwa kweli, kituo cha kwanza cha hali ya hewa kilichotembea duniani. Kwa hiyo wazo la kwamba chombo cha tanga kinaweza kupima na kutoa habari halikuwa geni mnamo 1890, wakati wakoloni walipokuwa wakijipanga kuingia ziwani. Lilikuwapo. Halikuvuka kutoka bahari kwenda ziwa.

1890–1928: mvua inapimwa, upepo unaachwa

Wajerumani walijenga kituo Mwanza mapema katika miaka ya 1890. Waingereza wakaja na reli kutoka Mombasa iliyofika Kisumu mwaka 1901, na meli za moshi zilizoletwa vipande vipande: William Mackinnon, Winifred, Sybil, Clement Hill. Mwanajeshi wa majini wa Uingereza, Whitehouse, alianza mwaka 1898 kupima mwambao na vina vya maji, na ramani zake ziliongoza vyombo kwa zaidi ya karne nzima. Ramani ile inaonyesha mwamba ulipo. Kwa nahodha wa meli ya moshi hilo lilitosha, kwani injini humwezesha kushika njia hata upepo ukigeuka. Adui wake mkubwa ni jiwe. Mwenye tanga ana maadui wawili, na wa pili hayumo kwenye ramani.

Vipimo vya mvua navyo vilisambaa: bomani, kwenye misheni, kwenye mashamba. Wajerumani waliviweka, Waingereza wakaviendeleza baada ya Vita ya Kwanza, na reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928 pamba ya Usukuma ilikuwa na njia ya kwenda sokoni na sababu ya kuhesabiwa kila tone. Sidharau kazi hiyo. Kwa msaada wake tunajua kwamba Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza, tofauti ambayo, kama tutakavyoona, ni alama ya mwendo wa dhoruba juu ya maji. Lakini kopo la mvua husomwa mara moja kwa siku, na linaeleza kilichokwisha kutokea. Mkulima anaweza kulitumia kwa msimu mzima. Mtu wa mashua halimfai kitu.

1929–1977: njia ya Croydon hadi Mwanza

Mwaka 1929 iliundwa Huduma ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter, mtaalamu aliyetoka Mauritius. Tarehe ya kuanzishwa si bahati. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya anga iliyoanzia Croydon, London, na mwisho wake wa kwanza, kabla ya kuendelezwa hadi Cape Town mwaka uliofuata, ulikuwa Mwanza. Sehemu ya safari ilifanywa na ndege za maji zilizotua juu ya ziwa. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu mwenye fedha na sauti aliyehitaji kujua, kabla ya kuondoka, upepo ukoje mahali asipopaona. Kipima upepo, kipimajoto na redio vikakaa mahali pamoja, na taarifa ikaanza kusafiri haraka kuliko dhoruba yenyewe.

Huu ndio ulikuwa mwanzo wa kupima hewa kwa mbali katika nchi zetu, na ulirithisha umbo ambalo bado tunaishi nalo. Vituo vilikaa pale ndege zinapotua, na baadaye, ndege zilipohamia viwanjani, vikahamia viwanjani. Saa za kupima zilifuata ratiba za ndege. Mvuvi wa Luchelele au Igombe aliishi kilomita chache kutoka kwenye chombo cha thamani kubwa, kilichoandika upepo uliopita juu ya paa lake, pasipo taarifa hiyo kuwa na njia ya kumfikia. Na yeye aliyetoka usiku kucha kwenye maji ambayo kituo hakikuyaona, hakuulizwa na mtu alikutana na nini.

Huduma hiyo, baadaye Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, ilikuwa, pamoja na hayo, mali ya nchi tatu kwa ziwa moja, na hilo lilikuwa na maana kubwa kwa sayansi. Mwaka 1972 Mjerumani Klaus Fraedrich alichapisha maelezo ya mzunguko wa hewa wa usiku juu ya ziwa, akionyesha kwa hesabu jinsi pepo za nchi kavu zinavyokutana katikati ya maji. Kazi kama hiyo haiwezekani mtu akiwa na vipimo vya ufuko mmoja tu.

1977: jicho linafunguka, mkono unakatika

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na idara yake ya hali ya hewa ikagawanyika. Tanzania ilianzisha idara yake yenyewe. Kenya na Uganda vilevile. Novemba ya mwaka huohuo Meteosat ya kwanza ilirushwa, setilaiti ambayo ingeipiga picha Afrika yote mara kwa mara kutoka angani. Nchi zilizozunguka ziwa zilipata picha ya wingu likiwa juu ya maji wakati uleule zilipoacha kuambiana upepo wa chini ya wingu hilo.

Wakati huo ndani ya maji kulikuwa na mapinduzi mengine. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alilipuka kwa wingi upande wa Mwanza katika miaka ya 1980. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, walioanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, walishuhudia furu wakitoweka, aina moja baada ya nyingine. Walipima maji kwa uangalifu mkubwa kutoka kwenye mashua, jambo linaloonyesha kwamba mashua inaweza kuwa maabara; walichokitafuta kilikuwa chini ya maji, si juu yake. Viwanda vya minofu vikaja, bei ikapanda, na wavuvi wakasukumwa mbali zaidi kufuata samaki. Sensa ya uvuvi ya mwaka 2000 ilihesabu wavuvi wapatao 129,000 katika nchi tatu. Kufikia 2016 walikuwa zaidi ya 200,000. Watu waliongezeka majini katika kipindi kilekile ambacho mtandao wa kupima hewa ulikuwa umekatika vipande vitatu. Sioni sababu nyingine ya kihistoria iliyochangia hatari ya leo zaidi ya hiyo.

Kwa nini ziwa hukasirika usiku

Hapa inabidi kusimama, kwani hoja yote inategemea tabia ya dhoruba zenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, hewa hupanda, na upepo hutoka ziwani kwenda bara. Mvua za radi hunyesha juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Vilima hupoa, maji hubaki na nyuzi 24 hadi 26, na hewa baridi huteremka kutoka pande zote kuelekea ziwani. Pepo hizo zikikutana juu ya maji ya uvuguvugu, hewa yenye unyevu husukumwa juu na dhoruba huzaliwa, kwa kawaida kati ya usiku wa manane na asubuhi. Upepo wa jumla wa ukanda huu, unaotoka mashariki, huisukuma magharibi. Ndiyo maana Bukoba hulowa kuliko Musoma.

Linganisha na kalenda ya kazi. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa: zamani karabai, sasa taa za betri na sola. Mashua ya tanga hutoka na upepo unaovuma kuelekea ziwani na kurudi na ule unaovuma kuelekea nchi kavu, yaani inabebwa na mzunguko uleule unaozaa dhoruba. Uchumi umewaweka watu majini katika saa ambayo fizikia imeichagua kwa radi, na taa inayowavuta dagaa humtia mvuvi giza la macho, asione upeo wa maji. Hata bila taa, jicho la mtu aliyeketi ndani ya mashua, mita moja na nusu juu ya maji, huona uso wa ziwa kwa kilomita nne na nusu tu.

Vifaa vya mabaharia wa kaskazini navyo havimsaidii. Huko mgandamizo wa hewa ukishuka kwa saa kadhaa, dhoruba inakuja. Karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka kila siku mara mbili, ukifika juu mnamo saa 4 asubuhi na usiku, na chini mnamo saa 10 alfajiri na jioni, kwa kiasi cha milibari 3 hivi, hata kama mbingu ni safi. Mabadiliko hayo ya kila siku huficha dalili ndogo za dhoruba. Inayotangulia dhoruba ya ziwa ni hewa baridi inayomwagika kutoka chini ya wingu: joto hushuka ghafla, upepo hugeuka na kuongezeka, mgandamizo huruka juu. Dalili hizo hutokea juu ya maji, mita chache kutoka uso wake, na huhisiwa kwanza na chombo kilicho karibu na wingu.

2011–2021: ujumbe wa simu, rada ya Kiseke

Simu ya mkononi ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 2011 katika visiwa vya Kalangala, Uganda, yalianza majaribio ya kuwatumia wavuvi ujumbe mfupi wenye tahadhari za rangi, kwa ushirikiano wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kampuni za simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, iliyoanza kama wakala mwaka 1999 na kupewa hadhi ya mamlaka mwaka 2019, ilisimika rada yake ya pili Kiseke, Mwanza, ambayo huyaona matone ya mvua juu ya sehemu kubwa ya kusini mwa ziwa. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti uliotahadharisha kuwa dhoruba kali juu ya ziwa zitaongezeka nguvu kadiri dunia inavyopata joto, zaidi ya zile za nchi kavu jirani. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba radi za alasiri juu ya nchi kavu huashiria dhoruba za usiku majini. Mwaka huo wa 2017 ukaanza mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kwa fedha za Uingereza, ambao uliwakutanisha tena watabiri wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Utabiri wa kila siku ukaanza kugawanywa kwa kanda za ziwa, ukapelekwa kwa redio, simu na mbao za matangazo mialoni. Tathmini iliyochapishwa baada ya mradi ilikadiria kuwa vifo vya kuzama vimepungua kwa takriban asilimia 30.

Haya ni mafanikio makubwa na natamani yangesifiwa zaidi kuliko yanavyosifiwa. Miaka 40 baada ya 1977, ziwa lilirudi kuwa moja mezani pa mtabiri. Lakini tazama mwelekeo wa habari: zinatoka rada na setilaiti, zinaingia ofisini, zinashuka mwaloni. Rada yenyewe ina mpaka wa kimaumbile. Mwali wake hutoka ukiwa umeinuliwa kidogo, na dunia hujipinda chini yake, kwa hiyo mwali wa nusu digrii ukifika kilomita 100 unapita kama kilomita moja na nusu juu ya maji, na ukifika kilomita 200 unapita kilomita nne juu. Unaona mvua iliyoko wingu lilipo. Upepo unaopindua mashua uko mita tatu juu ya wimbi, na hakuna anayeupima.

Kituo juu ya mlingoti

Kuupima upepo huo wa mita tatu hakuhitaji tena chombo cha bandarini. Kipo kipima upepo kisicho na panga linalozunguka, kinachotambua mwendo wa hewa kwa mawimbi ya sauti. Kipo kihisi cha joto na unyevu kidogo kuliko kiberiti. Ipo GPS, na kihisi cha mtikisiko kinachoweza kukadiria urefu wa mawimbi kwa jinsi chombo kinavyopanda na kushuka. Paneli ndogo ya sola huvilisha vyote. Ujumbe mmoja wa baiti 30 kila baada ya dakika 10 ni jumbe 144 kwa siku, chini ya kilobaiti tano, pungufu ya picha moja ndogo ya simu. Mtandao wa simu huubeba karibu na ufuko, na redio ya masafa marefu au setilaiti huubeba mbali. Kuna hesabu za kufanya, bila shaka. Mashua inayokwenda huhisi upepo uliochanganyika na mwendo wake, hivyo mwendo lazima uondolewe kwa msaada wa GPS na dira. Mlingoti ni mfupi kuliko mita 10 za kipimo rasmi na unayumba. Hayo yote mabaharia wa mashindano wamekwisha kuyatatua. Boris Herrmann wa Ujerumani amebeba maabara ndogo ya bahari ndani ya mashua yake ya mbio tangu 2018, na katika mbio za mashua za Vendée Globe za 2020 manahodha kadhaa walipima bahari kwa ajili ya wanasayansi wakiwa peke yao katika Bahari ya Kusini.

Atakayesema mashua za mbio za Ulaya si mashua za Ukara atakuwa na haki, na gharama ndiyo pingamizi la kwanza. Lakini si lazima kila mashua ibebe kifaa. Dhoruba ikisukuma hewa yake kwa kilomita 40 kwa saa, mashua moja yenye kifaa iliyo kilomita 20 mbele humpa mwenzake dakika 30. Iliyo kilomita 60, saa moja na nusu. Dakika 30 ni muda wa kuvuta nyavu na kupunguza tanga, saa moja na nusu ni muda wa kujificha nyuma ya kisiwa. Vyombo vichache vilivyotawanyika vizuri vinaweza kuwahudumia wengi. Mwenye tanga ndiye anayestahili kufikiriwa kwanza, maana ndiye anayekwenda polepole kuliko wote na anayehitaji onyo la mapema kuliko wote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ajali kubwa za ziwa hili hazikuletwa na upepo. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ilizama ikiwa na watu zaidi ya uwezo wake na zaidi ya 800 wakafa; MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka karibu na Ukara ikiwa imejaa kupita kiasi, na 228 wakafa. Ni kweli, na hakuna kihisi kitakachochukua nafasi ya sheria na mkaguzi. Lakini vivuko hufa mara moja kwa miaka mingi na taifa zima huomboleza, wakati mashua hufa mojamoja, wawili hapa, watatu kule, bila kuwekewa tume. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi ya vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima si matokeo ya hesabu ya kichwa kwa kichwa, na kutokuwepo kwa hesabu hiyo ni sehemu ya tatizo lilelile: mashua haiandikwi inapotoka, wala inapopotea. Tena chombo kilichojaa ndicho chenye nafasi ndogo zaidi ya kustahimili wimbi la ghafla. Mambo haya mawili hukutana majini hata kama sisi tunayatenganisha kwenye mjadala.

Wapo wanaosema wazee wanajua ziwa. Wanajua, na mtandao wowote utakaowapuuza utashindwa. Ujuzi wao ni kusoma mbingu inayoonekana. Kifaa kinawaletea mbingu isiyoonekana, waisome wao. Na uzoefu peke yake hautoshi. Ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikijaribu kutua katika mvua na upepo, watu 19 wakafa, ilikuwa na rubani mzoefu na kiwanja mbele yake. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi, kwa kuwa wao ndio walioko majini saa zote.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliogopa. Kifaa kinachojua upepo kinajua pia mashua iko wapi. Mvuvi hataki wenzake wajue alipopata samaki, na hataki kipimo cha hewa kigeuke kuwa jicho la kumkamatia leseni au nyavu. Hofu hiyo haitaondolewa kwa semina. Itaondolewa kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya kifaa cha kwanza kufungwa: mahali pa mashua pakadiriwe tu hadi mraba wa kilomita kadhaa kabla ya kutumwa kwa mtabiri, pafunguliwe kwa waokoaji tu inapotolewa ishara ya hatari, na pasitumike kamwe kama ushahidi wa kosa la uvuvi. Nyegezi ni mahali pazuri pa kujaribia, kwa kuwa pana chuo cha uvuvi chenye vyombo na wanafunzi, kiko ndani ya ghuba iliyochunguzwa kwa miaka mingi, na rada ya Kiseke iko upande wa pili wa jiji kwa ajili ya kulinganisha.

Na mvuvi alipwe. Namna ya malipo iliwekwa zamani na Mmarekani Matthew Maury, aliyeanza mwaka 1847 kuchapa ramani za pepo na mikondo kutokana na madaftari ya meli. Hakuwauzia manahodha. Nahodha aliyeahidi kuandika upepo wake kila siku na kuliwasilisha daftari alipewa ramani bure, na ramani hiyo ilikuwa imechorwa kwa pepo walizoziandika manahodha waliomtangulia.